Mdomo wa Bibi wa Hombolo

Juzi ofisini nilikuta pakiti ya pipi za minti juu ya meza yangu. Mwanzoni nilifurahi, nikadhani kuna anayenipenda. Nilikuwa namung'unya ya kwanza ndipo akili ikanijia: kumbe mdomo wangu unanuka! Wenzangu wote walijua, mjinga nilikuwa mimi. Nilirudi nyumbani Makole nimevimba kwa hasira, nikapiga mswaki mpaka fizi zikauma, na tangu siku hiyo bibi yangu hanitoki akilini.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetulea kijijini Hombolo, na kwake usafi wa kinywa haukuwa mchezo. Asubuhi, kabla hata ya uji, alitupanga nyuma ya jiko, kila mmoja na kijiti chake cha mti wa mswaki. Unatafuna ncha mpaka inachambuka, unachovya kwenye mkaa uliosagwa na chumvi, unasugua. Kisha ulimi: alipasua bua la mtama akatukwangua mpaka machozi yanatutoka. Ukitapika, shauri yako. "Mgeni hukaribishwa kwa mdomo kabla ya kiti," alikuwa akisema, na mate tuliagizwa tuyateme mbali, kule kwenye majivu.

Basi msimu mmoja, wakati tunashinda shambani kufukuza ndege kwenye uwele, mdomo wa bibi mwenyewe ukaanza kunuka. Sisemi ile harufu ya kuamka, hapana. Hiki kilikuwa kitu kimeoza. Jino la nyuma lilikuwa limemsumbua, akajaza karafuu na chumvi kwenye tundu, maumivu yakatulia, akatangaza limepona. Yeye alisikia karafuu tu. Sisi tuliokula naye sinia moja tulisikia mengine, na hata mlenda, unaojishukia wenyewe, ulikataa kushuka.

Nani amwambie? Baba ni mwanawe, na mtoto hamwambii mama yake neno kama hilo. Mama ni mkwe, ndiyo kabisa. Hata kumtazama machoni alikuwa akiona haya. Tukanyamaza.

Sasa kulikuwa na mdogo wangu mchanga, ndiyo kwanza ameanza kula. Bibi ndiye aliyekuwa akitutafunia karanga na kutulisha, sote tulilelewa hivyo. Siku moja akanyoosha mikono apewe mtoto, mama akamgeuzia mgongo, akajifanya ananyonyesha. Kesho yake vilevile. Bibi akaweka bakuli la karanga chini, taratibu. Kuanzia hapo akala peke yake, na neno lake kwa mama likawa linapitia kwetu watoto. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, nikamsikia akinung'unika kwamba nyumba imepata mwenyewe mpya, yeye atarudi kwa kaka yake Kongwa. Jamani, niliogopa! Bila bibi, kwangu mimi ile haikuwa nyumba.

Baba akapata wazo. Tulikuwa na jirani Mhehe, na sisi Wagogo na Wahehe ni watani. Mtani anaweza kukutania hata msibani na usimkasirikie. Baba akamwomba amfikishie bibi ujumbe. Jirani akaja mchana, baba amejibanza nyuma ya ghala, mama ameacha kupepeta.

"We bibi, hebu funga huo mdomo, nzi wa Hombolo nzima wanahamia hapa!"

Bibi akamtazama, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mla mbwa wewe! Hiyo pua yako inanusa chakula chako cha jana!" akajibu, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa.

Wakacheka wote wawili, jirani akapewa karanga, akaenda zake. Baba alitoka nyuma ya ghala, akarudi shambani. Loo, watu wazima wale! Neno la mtani nani analiamini?

Shavu likaanza kuvimba, na bibi hakubadili nia. Asubuhi aliyopanga kuondoka alikaa mlangoni, furushi miguuni, anasubiri gari la kwenda mjini aunganishe la Kongwa. Baba alikuwa amembembeleza mpaka amechoka. Mama alikuwa jikoni, anakoroga uji na kufuta macho, anasingizia moshi.

"Njoo tuagane, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu, eti mimi ni mke mdogo wa babu. Akaniinamia. Sikukusudia, lakini nikageuza uso.

"Hee! Na wewe wameshakufundisha?"

"Bibi, mdomo wako unanuka."

Akaanza kucheka. "Haya, mke mdogo ana wivu!"

"Si utani, bibi! Haki ya Mungu si utani. Unanuka sana. Mama anamwogopea mtoto, hakuchukii." Nikaangua kilio.

Kicheko kikamkatika. Jikoni mwiko ukaanguka. Mimi nilikuwa nangoja kofi, maana kwa umri wangu neno lile lilistahili kofi. Bibi akajishika shavu, akauliza polepole, "Tangu lini?"

"Tangu tunafukuza ndege."

Akalitazama furushi lake. "Mwambie baba yako gari likija napanda naye. Twende hospitali."

Jino liling'olewa mjini siku hiyohiyo. Baba alisimulia jinsi daktari alivyowakaripia: karafuu inatuliza maumivu tu, usaha uko palepale, na wangechelewa ungeteremka shingoni ukamziba pumzi. Bibi aliagizwa asugue hadi meno ya nyuma, anywe maji ya kutosha, na jino likiuma tena asilifiche. Alirudi na pamba mdomoni, hawezi kusema, na tulishukuru kimoyomoyo kwamba hawezi. Pamba ilipotoka akatuita.

"Nyote mlijua?"

Mama akapiga magoti. Baba akatazama chini.

"Mkamtuma Mhehe! Ukweli wa Mhehe mimi nitaujuaje?"

Mama akacheka huku analia, akampakatisha mtoto. Karanga za mtoto zikaanza kutwangwa kwenye kinu badala ya kutafunwa, na hilo bibi alilikubali.

Tangu hapo, kila asubuhi akishamaliza mswaki na kabla ya kumsalimia mtu, aliniita akanipumulia usoni. "Sema." Nami nasema, "Safi," au, "Rudia ulimi, bibi." Hakuwahi kukasirika.

Nilikuwa nasoma chuo kule Chimwaga alipougua mara ya mwisho. Nilikuta nyumba imejaa, kila anayeingia anamwambia anaendelea vizuri, atapona tu. Akaniita kwa kidole. Nikainama, akanipumulia. Ilikuwa harufu ngeni, tamutamu, ya kutisha.

"Sema."

Shangazi akanikonyeza ninyamaze.

"Imebadilika, bibi. Si nzuri."

Akafumba macho kidogo. "Asante, mke mwenzangu. Basi niitieni kaka yangu wa Kongwa. Waiteni wote."

Wakaja, akawaaga mmoja mmoja, na mkono wa mama aliushika muda mrefu. Siku hizi nyumba ile imefungwa, na katika ukoo wetu simjui mtu anayemsogezea mwenzake uso aambiwe ukweli. Namkumbuka bibi yangu, tena sana. Mimi aliniaga mwisho. Alinipumulia tena usoni, na safari hiyo hakuniambia niseme.