Diski Iliyokaa kwa Mama Mkwe

Watu walimwita Mama Picha kwa sababu ya kazi yake ya kupiga picha za harusi, na kwa uangalifu alikuwa hana mpinzani. Kila harusi aliiweka kwenye kompyuta ya studio, kisha akainakili kwenye diski ya pembeni, na diski hiyo hailali studio hata kidogo. Moto ukija, alisema, usivikute vyote chumba kimoja. Kwa hiyo ilikaa kwa mama mkwe wake, ndani ya kabati, katikati ya mashuka.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipompiga mama mkwe picha ya ukutani, akajitia ufundi. Akamfuta makunyanzi, akampunguza na mashavu. Mama mkwe alipoletewa picha aliitazama weee, kisha akauliza, "Huyu ni nani?" Tangu hapo wakanuniana. Mama Picha akaapa hakanyagi kule tena, na diski ikabaki huko huko. Kiburi tu, hakuna kingine.

Asubuhi moja kompyuta ikaanza kugongagonga tumboni. Akaizima haraka, maana ikigonga hivyo ukiilazimisha unaimaliza kabisa. Ndani mlikuwa na harusi ya juzi, ambayo alikuwa hajainakili popote. Baba wa bibi harusi alikuwa ametolewa hospitali kwa siku ile moja tu, na sasa karudi kitandani. Picha zile hazipigwi upya.

Akaweka kiburi pembeni, akachukua kompyuta yake ndogo na kwenda, angalau aokoe za zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Nimefuata ile diski. Ingawa harusi ya juzi haimo."

"Ya yule baba wa kwenye kiti cha magurudumu, aliyecheka mpaka jino la mwisho? Imo."

Mama Picha akamkodolea macho. Mama mkwe akaichomoa diski, si kabatini, bali nyuma ya televisheni.

"Mumeo huichukua kila Jumapili, akaenda kuijaza huko studio, akanirudishia. Wewe naweza kukaa bila kukuona. Harusi za watu siwezi."

Kumbe ndiyo maana mume alikuwa na bidii ya kwenda kufagia studio! Mama Picha akaichomeka diski. Picha zikafunguka, moja baada ya nyingine. Akalia, akacheka, akaomba msamaha, vyote kwa mkupuo, na kabla ya kufuta machozi akawa ameshanakili kila kitu.

"Nimekusamehe," mama mkwe akasema. "Sasa kaa uniambie, yule wa suti ya kijivu alinuna nini harusi nzima?"

Bibi harusi alipokuja kuchukua albamu, aliishika kwa muda mrefu picha ya baba yake. Kisha akauliza kazi za watu huwa zinahifadhiwaje hapa studio.

"Kitaalamu," Mama Picha akajibu, uso mkavu. "Zinakaguliwa kila Jumapili."