Wifi Yangu Aliyemwagilia Daraja

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hakusoma hata darasa moja. Mimi nilimaliza la saba, na barua zote za ukoo huu zimepita mikononi mwangu. Lakini ukiuliza ni nani kati yetu aliyelijenga daraja kubwa la mto wetu, ni yeye. Nalisema bila kuombwa.

Kazi yake ilikuwa kumwagilia zege. Watu wa leo hudhani zege likishamwagwa kazi imekwisha. Haijaisha. Zege bichi likikaukia juani hupasuka, kwa hiyo hufunikwa magunia, na magunia hunyweshwa maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba. Daraja liligawanywa: kutoka upande wa soko hadi nguzo ya tatu lilikuwa lake, kutoka hapo hadi ng'ambo, la mjane mmoja ambaye sasa hayupo. Wifi alipanda ngazi ya mbao inayoyumba, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Amemwagilia madaraja manne. Mafundi walimwita Masika.

Miaka arobaini na mbili baadaye, mwalimu wa historia alianza kukusanya habari za madaraja yetu kwa ajili ya kitabu cha shule, na vibao vya maelezo vya kusimikwa kando ya kila daraja. Alikuja kwangu kwa sababu mume wangu alikuwa fundi mwashi wa daraja hilo. Nikamwita wifi. Mwalimu akaweka mezani ukurasa wa rasimu ya kitabu, wenye picha ya zamani: mafundi wamejipanga, na pembeni wanawake wawili wenye ndoo.

"Huyu wa kulia ni mimi!" wifi akasema. "Ona shingo ilivyokuwa."

"Ya twiga," nikamwambia. "Sasa imebaki ya kobe."

"Afadhali kobe. Wewe hata hukupigwa picha."

Nikamsomea maandishi ya chini yake: Wanawake wakitazama ujenzi.

"Kutazama?" Akaisukuma picha. "Mwalimu, mwanangu, mtu hutazama kwa ndoo sitini kwa siku?"

"Bibi, sikatai. Ila orodha ya vibarua haina mwanamke hata mmoja, na Ijumaa kitabu kinakwenda kuchapwa. Bila ushahidi sina pa kuanzia."

Nikaendelea kusoma ukurasa ule. Iliandikwa kwamba nyufa za upande wa soko zilitokana na mchanga mchafu uliokubaliwa na fundi mwashi. Kwa maneno hayo mume wangu aliachishwa kazi, na hakuitwa tena kwenye daraja lolote mpaka anakufa. Nilikuwa nayajua. Sikutegemea kuyakuta kwenye kitabu cha watoto.

Wifi alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha meza.

"Twendeni darajani," akasema.

Alitembea kwenye njia ya miguu akihesabu nguzo, malori yakitupigia honi. Akaonyesha kwa mkongojo nyufa nyembamba kama wavu. "Zifuate," akamwambia mwalimu. Akazifuata. Zilifika juu ya nguzo ya tatu zikakoma, kama zimekatwa kwa kisu. Kutoka hapo zege lilikuwa zima hadi ng'ambo.

"Mchanga ulikuwa mmoja, lori moja," wifi akasema. "Mbona kwa mwenzangu haukupasua?"

"Kwa nini?" mwalimu akauliza.

"Siku ya nne na ya tano sikuja. Mawingu yalitanda, nikasema leo Mungu atamwagilia mwenyewe. Nikalala. Mvua haikunyesha, ukaja upepo mkavu. Kaka aliulizwa yeye. Mimi nikanyamaza, nilikuwa na watoto wanne na kibarua hicho kimoja."

"Wifi," nikasema, "na kila Jumapili ulikuwa unakula kwake."

"Nilikuwa nakula."

Mwalimu akafungua daftari, akasita. "Bibi, nikiandika hivi, utajulikana kwa kosa."

"Si ulitaka ushahidi? Nani angejua mahali ilipoharibika, kama si mwenye kazi? Andika. Na mchanga uandike ulikuwa safi."

Siku tisa sikupokea simu yake.

Kitabu kilipotoka, mwalimu alimpelekea nakala. Wajukuu zake wote wanajua kusoma, lakini alikileta kwangu, akasimama mlangoni amekikumbatia. Nikafungua penye picha: Kulia, mmwagiliaji wa zege wa madaraja manne. Akaniomba nirudie, nikarudia. Chini yake ilikuwapo mistari ya zile siku mbili zilizokosa maji. Ningeweza kuiruka, asingejua.

"Na hiyo soma," akasema.

Nikasoma yote kwa sauti, mpaka kwenye jina la mume wangu. Kisha nikamwambia avute kiti.