Ng'ombe Aliyejua Rozari

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, jumuiya haikuwa grupu la kwenye simu. Ilikuwa akina mama wa jirani waliokuja kusali nyumbani kwa mmoja wao, na mtoto aliyesinzia alifinywa na mama yeyote aliyekuwa karibu. Kushtaki hukuthubutu, maana ungefinywa tena. Mtoto wa siku hizi ukimgusa sikio tu, anatafuta wakili.

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, baba alianguka kutoka kwenye mti aliokuwa akiukata matawi yaliyofunika kahawa. Akavunjika paja, akalazwa Moshi mjini miezi kadhaa. Mama akabaki na sisi watoto wanne, migomba, na ng'ombe wetu Malaika, aliyefungiwa bandani na kula kama amealikwa harusini. Majani mlimani yalikuwa yamekwisha. Mama aliteremka hadi tambarare kuyakata, akapanda nayo kichwani, kesho tena, mpaka akanyamaza kabisa. Mama yangu, aliyeimba hata akimenya ndizi! Jioni alishika rozari na midomo haikusogea. Niliuogopa ukimya ule kuliko mguu wa baba.

Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Aloyce, hakuja na hotuba. Alitangaza tu: "Kwa Mama Flora tunasali kila Jumatano mpaka mzee arudi. Na mtu asije na kichwa kitupu."

Flora ndiye mimi. Nilisimama mlangoni nikawaona wakiingia na mizigo ya majani, jasho linawatiririka, wanataniana. Hata jirani yetu Mama Ndeshi, Mlutheri asiyeijua rozari, alileta mzigo mkubwa kuliko yote. Wenzake wakisali alitulia tuli, kisha mwishoni akaanzisha wimbo wa kwao kwa sauti ya kupasua bati.

Utaratibu ulikuwa sala kwanza, ndipo sisi watoto tumpe Malaika majani. Naye hakuwa mjinga. Jumatano ya tatu, Mama Aloyce alipoanza tu "Kwa jina la Baba," bandani kukasikika mooo! Tulipofika kwenye litania ikawa balaa. Akina mama hawajajibu "utuombee," Malaika keshajibu. Mama Aloyce akakaza uso. Mama Ndeshi akanong'ona, na mnong'ono wake ulifika barabarani: "Jamani, huyu ameshakuwa Mkatoliki kuniacha mimi!"

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikageuka kilio, akina mama wakamzunguka wakamshika. Alipomaliza akajifuta kwa kanga, akaimalizia litania mwenyewe, kwa sauti. Usiku ule alipika mtori wa ndizi akiimba, nikala mabakuli mawili kwa furaha.

Baba aliporudi kwa magongo alimtazama Malaika alivyonenepa, akasema, "Kumbe mgonjwa nilikuwa peke yangu."

Mwezi uliopita mume wa mdogo wangu Consolata, anayefuga ng'ombe mmoja Shirimatunda, pembeni mwa mji wa Moshi, alilazwa. Nikaandika kwenye grupu la familia: pole sana, tuko pamoja katika sala. Nikaweka na vile vikono viwili vilivyounganishwa. Nikajiona nimemaliza. Mama, ambaye sasa ni mzee na hajui mambo ya grupu, akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamesema umempa pole mwenzako. Majani amekata nani?"

Zamani pole ilichukua nusu siku kufika na iliumiza shingo. Siku hizi inafika kabla hujameza chai, na ng'ombe analala njaa.

Jumamosi nilikata majani, nikayabeba kichwani kuanzia pale gari lilipokwama. Conso alifungua geti, akaniona mimi mama wa ofisini ninavyoyumba chini ya mzigo, akacheka kabla sijasema neno. Kisha akalia, nikamshika. Tukasali rozari uani.

Bandani kimya.

"Huyu hajafundishwa," Conso akasema, akijifuta macho.

"Atajua tu," nikamwambia. "Jumatano nakuja tena."