Bi Hapana Hupika Chai Kwanza

Mke wangu kazini kwao wanamwita Bi Hapana, na jina hilo halimuudhi hata chembe. Lilikuwa likiniudhi mimi. Nilidhani wanamkejeli, mpaka mlinzi wa geti lao aliponiletea suruali yake niipunguze kiunoni, akanifungua macho. "Fundi, yule mama akisema ndiyo, sisi wote tunalala usingizi," aliniambia. "Sasa akisema hapana, kwa nini tusimsikilize?" Tangu siku hiyo nalitumia hata mimi, ila si mbele ya mama yangu.

Kazi yake ni ukaguzi. Kampuni yao huandika programu zinazoendesha vitanda vya joto vya watoto njiti, vile vyenye kifuniko cha kioo. Programu ikishaandikwa haijaisha. Leo wanarekebisha hiki, kesho kile, na kila badiliko huwekwa kwenye ghala pamoja na tarehe na jina la aliyelifanya. Ghala lenyewe si chumba, ni kompyuta inayokumbuka yote. Na lazima ikumbuke, kwa sababu kuna hospitali bado zina vitanda vya zamani. Kitanda kikileta matata, kampuni inapaswa kutoa toleo lile lile lililomo ndani yake, si ndugu yake wala jirani yake. Mimi fundi cherehani nililielewa hilo upesi. Nina karatasi za vipimo za miaka kumi na mbili chini ya meza ya kukatia, na mteja akirudi hataki koti linalofanana na lake, anataka lake.

Sasa ghala hilo lilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na mfumo wake ulieleweka na wazee wawili tu, mmoja wao alishastaafu. Ikaamuliwa historia yote ihamishiwe kwenye mfumo mpya. Huwezi kunakili tu, kwa sababu mifumo hiyo miwili haitunzi mambo kwa namna moja. Lazima historia igeuzwe, badiliko kwa badiliko, na baada ya hapo mtu athibitishe kwamba hakuna kilichopotea. Kugeuza alipewa mdogo wangu. Kuthibitisha, kama mnavyokisia, alipewa mke wangu.

Mdogo wangu tunamwita Kitinda, maana ndiye kitinda mimba wa mama. Ana miaka ishirini na minne, ana akili ya kompyuta kuliko ukoo mzima ukijumlishwa, na alizaliwa miezi miwili kabla ya siku zake. Siku thelathini na moja za mwanzo wa maisha yake alizilala kwenye kitanda cha joto. Mama hajasahau, wala haturuhusu sisi tusahau. Hadi leo Kitinda akipiga chafya, dirisha linafungwa. Mke wangu ndiye aliyempeleka kwenye kampuni na kumtolea neno, akapewa miezi sita ya majaribio. Miezi hiyo ilikuwa inakwisha Ijumaa saa sita mchana, saa ile ile ghala la zamani lilipopangwa kuzimwa na kufutwa. Meneja alisema bila kuzunguka: kazi ikipita ukaguzi, kijana anathibitishwa. Isipopita, hana nafasi ya kumbakiza.

Mama alilipokea hilo kama jambo lililokwisha. Jumapili aliniita chumbani kwake, chini ya ngazi, anionyeshe kitambaa cha kijivu alichokitunza tangu enzi za marehemu baba. Nikate koti, mtoto alivae Ijumaa. Mke wangu alikuwa mlangoni ameshika sahani.

"Mkwe wangu," mama akamwambia, "wewe utaweka tu hiyo sahihi, au siyo?"

"Nikishapika chai, mama."

Mama alidhani anaambiwa kuhusu chai. Ngoja niwaelezeni, kwa kuwa chai hii ndiyo mke wangu mwenyewe.

Alipokuwa na miaka minane walihama nyumba. Baba yake, mtu wa orodha, alihesabu mizigo arobaini na sita ikitoka na arobaini na sita ikiingia, akafurahi, akavua viatu. Mama yake akasema, "Vizuri, sasa nipike chai." Akawasha jiko. Baada ya dakika tano familia nzima ilikuwa nje, inakohoa na kufuta machozi. Jiko walilileta, kuni walizileta, birika walilileta. Ila jiko la nyumba ya zamani lilikuwa na tundu ukutani la kutolea moshi, na tundu hakuna anayelifunga kwenye mzigo. Tangu hapo mke wangu haamini hesabu peke yake. Vitu vikitimia anasema vizuri, halafu anataka kuona chai.

Jumatano hesabu zilitimia. Mabadiliko elfu arobaini na moja, mia mbili na sita huku, idadi hiyo hiyo kule. Majina ya waandishi sawa, tarehe sawa, kila faili herufi kwa herufi. Kitinda alirudi jioni anapiga mluzi, akasimama mbele ya kioo changu nimpime mabega. Alikuwa na haki ya kupiga mluzi. Alikuwa ameifanya kazi ile miezi mitatu, na hata mke wangu, ambaye sifa zake hutoka kwa kijiko cha chumvi, alisema ni kazi safi.

Alhamisi asubuhi akapika chai. Yaliyotokea nimesimuliwa na pande zote mbili, na pande zote mbili zilikubaliana, jambo ambalo kwetu ni nadra. Katika chumba cha majaribio kuna kitanda kimoja cha kila aina waliyowahi kuiuza. Mke wangu alichagua kile kikongwe, chenye toleo la arobaini na moja, la miaka ishirini na minne iliyopita. Ndani akalaza mfuko wa maji wa kilo moja na nusu badala ya mtoto. Kwanza alitoa toleo hilo kutoka ghala la zamani, akaliweka kwenye kitanda, akalazimisha joto lipande kupita kiasi. Kengele ikalia. Kisha akatoa toleo lile lile kutoka ghala jipya, akafanya vile vile.

Joto likafika nyuzi thelathini na nane. Likafika thelathini na tisa. Kitanda kilikaa kimya.

Lilipofika arobaini alichomoa waya.

"Kitanda kimezeeka, shemeji," Kitinda alisema. "Labda kengele imekatika."

"Dakika kumi zilizopita haikuwa imekatika."

Akarudia mara tatu. Ghala la zamani, kengele. Ghala jipya, kimya. Wakakaa bega kwa bega kulinganisha tena, na tena kila faili lilikuwepo. Kitinda alianza kupandisha sauti, kwamba haiwezekani, kwamba amehesabu, kwamba kila mtu ameona hesabu. Mke wangu alimwacha amalize, halafu akamuuliza swali moja.

"Katika ghala la zamani kulikuwa na kitu chochote ambacho si faili?"

Kitinda akaipekua upya orodha ya ghala la zamani. Kulikuwa na folda moja inayoitwa dharura. Ndani yake hamkuwa na kitu, na ndivyo ilivyotakiwa. Aliyeandika programu miaka ile aliipanga hivi: hatari ikitokea, kwanza andika saa ya hatari ndani ya folda hiyo, kisha piga kengele. Mfumo wa zamani ulitunza folda hata ikiwa tupu. Mfumo mpya unatunza mafaili tu, na folda isiyo na faili kwake haipo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Programu ilitafuta pa kuandikia, ikapakosa, ikakwama hapo hapo, na kengele haikufikiwa.

"Lakini shemeji, haina kitu ndani," Kitinda alisema, na sauti sasa imeshuka.

"Tundu la moshi nalo halikuwa na kitu ndani."

Walizikuta folda tupu sitini na tatu katika historia nzima. Dawa yake haikuwa ngumu: kutia kifaili kidogo katika kila moja ili mfumo mpya uione, na kugeuza upya kuanzia badiliko la kwanza. Mashine ingehitaji saa arobaini. Kufikia Ijumaa saa sita zilibaki ishirini na mbili.

Jioni ile mke wangu hakugusa chakula. Aliponieleza, mimi nilifanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya. Nilimwambia atie sahihi. Koti lilikuwa limetundikwa mbele yangu, limebaki vifungo tu, na mama alikuwa chini anamwimbia mwanawe. Nikasema, "Tatizo mmeshalijua. Si atalirekebisha Jumatatu?"

Hakunikasirikia. "Jumatatu ghala la zamani litakuwa limefutwa," alisema. "Nimeona folda tupu kwa sababu nilikuwa na la zamani pembeni. Ambalo sijaliona, nitalilinganisha na nini?"

Nikarudi kwenye vifungo vyangu. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, lakini nyasi hizi zilikuwa zimeongea ujinga na zinastahili.

Ijumaa aliondoka mapema, na kalamu yake mwenyewe. Fomu ya kazi hiyo ina swali moja, ghala la zamani lizimwe au lisizimwe, na mistari miwili ya kujibu: wa kwanza wa aliyefanya kazi, wa pili wa aliyeikagua. Aliyefanya kazi huandika ndiyo siku zote. Nani ataiangusha kazi yake mwenyewe? Mke wangu alipita njia nzima akipanga maneno ya kumwambia shemeji yake kabla ya kuandika. Aliingia kwa meneja, akavuta fomu, na maneno yote yakakosa kazi. Katika mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa Kitinda unaolala kama nyasi, palikuwa pameandikwa hapana. Chini yake aliorodhesha folda zote sitini na tatu.

Mke wangu akaandika yake chini ya ile. Ananiambia hakulia. Mimi namwamini, ingawa macho yalikuwa mekundu hata aliponisimulia.

Meneja alisoma fomu mara mbili. "Nilisema sina nafasi ya kumbakiza," alisema. Akaisoma mara ya tatu. "Mwezi mmoja. Bila ahadi. Na ghala la zamani liachwe linawaka."

Walirudi pamoja saa tisa. Mama alikuwa amekaa kitandani kwake, koti limewekwa kwenye kiti kama mgeni. Alimsikiliza Kitinda mpaka neno mwezi, kisha akamgeukia mke wangu. Mama yangu hatukani. Humtazama tu mtu, na mtu huyo hutamani matusi.

"Yaani umemnyima," alisema.

"Mama, mimi ndiye niliyeandika hapana wa kwanza," Kitinda alisema. "Kengele haikulia."

"Kengele ipi?"

"Ya kitanda. Joto lilizidi, kengele haikulia. Ingekuwa hospitali, na mtoto ndani, hakuna ambaye angejua."

Mkono wa mama ukawa unakunja na kukunjua shuka. Nilidhani anatafuta neno la kutuchoma sote.

"Siku ya tisa," alisema. "Nilikuwa nimesinzia kwenye benchi, pale nje ya mlango. Sijalala siku nane. Ikalia. Muuguzi alipita mbio, kiatu kimoja kimemvuka." Akamtazama Kitinda, huyu mrefu, anayeinamisha kichwa kupita mlango wangu. "Ulikuwa mwekundu mwili mzima. Mimi nilikuwa nimelala. Kengele ndiyo ilikuwa macho."

Hadithi ya siku thelathini na moja tumeisikia maisha yetu yote, lakini siku ya tisa mama hakuwahi kututajia.

Alinyoosha mkono akamvuta mke wangu aketi karibu naye. "Mkwe wangu," alisema, "wewe andika hapana mpaka wino uishe."

Kugeuza kulirudiwa. Mke wangu alikataa mara moja tena, kwa sababu ya kosa dogo la tarehe, na Kitinda hakupandisha sauti, alienda kulirekebisha. Wiki ya tatu chai ikapikwa upya: vitanda kumi na moja, matoleo thelathini, kengele zote zikalia. Ilikuwa Jumamosi, na fomu ingetiwa sahihi Jumatatu.

Jumapili Kitinda aliingia kwa mama na simu mkononi. Alikuwa amerekodi kengele ya kile kitanda kikongwe, toleo la arobaini na moja, kutoka ghala jipya. Akaiweka sikioni kwa mama. Sisi wengine tulisimama mlangoni tukisikia ule mlio mwembamba, mkali, usio na uzuri wowote. Mimi naamini kengele za mashine zote hulia namna moja, lakini hilo sikumwambia mtu. Mama alifumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe.

"Ndiyo hiyo," alisema.

Mke wangu alikwenda jikoni, akachukua kalamu yake juu ya kabati, na kuitia kwenye mkoba wa kesho.