Jiko Ndani ya Kivuko cha Angani

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nina chumba kidogo mjini Same, karibu na barabara kuu, ambako upepo wa mchana huingiza vumbi hata dirisha likiwa limefungwa. Watu huja na nyumba zao vichwani: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, baraza ya mbele. Nawachorea kwenye kompyuta, kisha naizungusha nyumba mbele ya macho yao. Mara nyingi huanza kuulizana kitanda kitakaa wapi, kana kwamba wameshahamia.

Kiangazi kimoja wateja walipungua, nikaanza kuchora kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Kilikuwa chombo cha angani, kile kidogo kinachobeba watu kutoka kwenye chombo kikubwa na kuwashusha ardhini. Nilikiona utotoni, tulipokuwa tunaishi kijiji cha Maore, huku bondeni, kwenye filamu ya zamani ambayo hadi leo sijui jina lake, maana kanda yenyewe haikuwa imeandikwa kitu.

Jirani yetu mmoja, mfanyabiashara, alikuwa na runinga na deki. Watu wakishatoka shambani na swala ya magharibi ikishapita, alivitoa barazani, akawasha jenereta. Watoto tulikaa mbele kwenye mkeka, akina mama nyuma yetu. Filamu ilikuwa ya Kiingereza. Aliyetutafsiria alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, fundi cherehani mwenye sauti nzito isiyo na haraka. Chombo kile kidogo alikiita kivuko, na sote tukakiita hivyo.

Nakumbuka kivuko kikishuka kwenye mchanga mwekundu. Kilikuwa na rangi ya chungwa, tumbo kubwa, mbawa fupi kama za kifaranga, na taa za mviringo zilizokuwa zinawaka moja baada ya nyingine bila sababu. Ndani yake watu walikuwa wanazungumza.

"Wanasema wamechoka, wanataka kula," shangazi alitafsiri. "Mle nyuma ya pazia kuna mama anapika."

Nikasikia harufu ya maharage. Labda ilitoka kwa jirani, labda haikutoka popote. Lakini kwa miaka mingi baadaye, kila nilipoota naruka, nilikuwa naruka ndani ya chumba chenye joto, na nyuma yangu kuna sufuria inatokota.

Nilipoanza kukichora nilitafuta mtandaoni hadi nikapata kipande kifupi cha filamu ile, nacho pia hakikuwa na jina. Kivuko kilikuwepo, na mchanga mwekundu ulikuwepo. Ndani kulikuwa na viti, vitufe, na wanaume wamevaa nguo za kubana. Nyuma yao kulikuwa na ukuta mtupu. Nilikiangalia tena na tena, nikisogeza uso karibu na kioo kama mtu anayechungulia dirishani. Hapakuwa na pazia, wala mama aliyekuwa anapika.

Nikaendelea na kazi. Sikutaka kukinakili kivuko. Nilitaka kukichora upya, kama ambavyo kingetengenezwa leo. Niliondoa misumari iliyoonekana nje. Niliirefusha pua, nikaificha miguu yake tumboni, nikaweka kioo cheusi mahali pa madirisha madogo. Rangi ya chungwa niliipunguza hadi ikafanana na ardhi ya huku kwetu mvua ikishapita. Kilipendeza. Hata hivyo kila nilipokizungusha niliona kitu kizuri ambacho sikuwa na hamu ya kukipanda.

Siku nilipokwenda Suji, milimani, kumsalimia shangazi, niliibeba kompyuta. Alikuwa amerudi kukaa huko juu kwenye nyumba ya wazazi wake, magoti yakimsumbua, cherehani imefunikwa kitambaa. Ilikuwa alasiri, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka migombani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Vumbi la Same halishibishi."

Alinipa chai ya tangawizi. Nikamfungulia kompyuta mezani, nikamwambia ni kivuko kile cha Maore, nimekichora upya. Hakuhitaji kukumbushwa. Alivaa miwani, akakitazama kikizunguka polepole.

"Kizuri," alisema. "Jiko liko wapi?"

"Shangazi, nimekiona kipande cha filamu yenyewe. Hakukuwa na jiko."

"Najua hakukuwa."

Akanywa chai yake kwanza.

"Akina mama walikuwa wametoka shambani, wamechoka," alisema. "Mmoja akaniuliza, hao wanaume peke yao, huko juu wanapikiwa na nani? Na mimi Kiingereza chenyewe nilikuwa nasikia neno hapa, neno pale. Ningewajibu nini? Nikawawekea mwenzao mle ndani. Basi wakatulia, wakaangalia mpaka mwisho. Siku ya pili kanda ikirudiwa, wakaniuliza, yule mama hajambo?"

Tukacheka mpaka miwani ikamdondoka. Nilipoiokota nilijikuta na machozi, na sikujua yameanza saa ngapi.

"Sasa tuliweke hilo jiko," alisema.

Tukaanza. Nilikata ukuta wa nyuma nikapata nafasi. Shangazi alitaka mafiga. Nikamwambia huko hakuna kuni.

"Basi umeme. Moshi tumeukwepa. Na yule mama atakaa wapi?"

Nikachora kigoda.

"Umempa ukuta wa kutazama," alisema. "Kila mtu humo anaona anakokwenda, yeye anatazama ukuta?"

Nikachora dirisha. Akasema liko juu mno, mtu aliyeketi hawezi kuona kitu. Nikalishusha hadi usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye kigoda, nikalipanua kidogo. Mwanga wa jua la kwenye programu ukaingia ubavuni mwa kivuko, ukafika hadi kwenye viti vya mbele, na chombo chote kikabadilika. Tumbo lile kubwa nililokuwa nalipunguza tangu mwanzo likawa na kazi. Nikalirudisha lilivyokuwa.

Kisha nikamwingiza shangazi ndani. Yaani nilihamisha jicho la programu, nikaliweka pale kwenye kigoda, likatazama nje kupitia dirisha.

"Mbona giza?"

"Ndiyo anga hiyo, shangazi."

"Weka milima."

Nilitoka na simu hadi mwisho wa uwanja. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni, umeacha migongo ya milima tu, mmoja nyuma ya mwingine, ikififia kuelekea kilele cha Shengena. Nikapiga picha, nikarudi, nikaiweka nyuma ya dirisha la kivuko, nikaanza kuipandisha polepole ili ionekane tunashuka.

Shangazi aliushika ukingo wa meza. Huko nje ukungu wenyewe ulikuwa umeshafika mlangoni, na sauti za watu wa njiani zilikuja bila watu. Kwa muda niliona milima ile ile mara mbili, kwenye kioo na huko nje juu ya ukungu, yote ikipanda taratibu, na sisi wawili katikati, tunashuka.

"Usiharakishe," alininong'oneza. "Mtu ana chungu motoni."

Nikapunguza mwendo. Tukaendelea kushuka mpaka betri ilipoanza kulia, naye akavua miwani akaniuliza kama nitalala au narudi Same. Nililala.

Nilikimaliza kivuko wiki zilizofuata. Niliporusha picha zake mtandaoni, wengi walisifu pua. Mtu mmoja wa mbali aliuliza kwa nini chombo cha safari fupi kina jiko. Nilimpigia shangazi nikamsomea swali lile. Nikasikia kuku wakilia upande wake.

"Mwambie aje," alisema, "nitamtafsiria."