Jina la Kumi na Moja

Mwalimu wetu wa kompyuta hakuwa na kompyuta. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kila nikilisimulia watu hucheka, na mimi napenda mtu acheke mapema, amalize, halafu anisikilize. Alikuwa na kipande cha ubao, na juu yake amebandika kwa gundi visanduku kumi vya viberiti, mstari mmoja, kila kimoja kina namba yake kwa wino mwekundu. Basi hiyo ndiyo ilikuwa kompyuta yetu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mashirika ya umma yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini. Mimi nilipunguzwa kwenye kiwanda cha nguo. Walibandika ukutani orodha ya wanaobaki, nikaisoma mara tatu nikiteremka nayo kwa kidole, jina langu halimo. Nikaenda Igogo, kando ya ziwa, kukaanga mapanki, yaani vile vichwa na mifupa ya sangara vinavyobaki viwandani minofu ikishasafirishwa nje. Biashara haikuwa mbaya, ila nilinuka mafuta mpaka kwenye nywele, na hasira haikunitoka. Mteja akiniuliza bei mara mbili namjibu vibaya. Mdomo ninao, sikatai.

Muuguzi mmoja aliyekuwa mteja wangu, na aliyeuvumilia mdomo huo, ndiye aliyeniambia kwamba kuna mwalimu wa hesabu, naye kapunguzwa, anafundisha kompyuta kila Jumamosi alasiri kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, Mkolani. Nilikwenda ili nimwoneshe kwamba nimekwenda, aache kunisumbua. Nilikuta watu kumi wameshakaa, muuguzi yule mmoja wao. Mimi nikawa wa kumi na moja.

Mwalimu alikuwa Mkerewe wa makamo, mwembamba, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa hadi kwenye ukosi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akasema, "Kaa mama, tunapanga majina."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mtu anaandika jina lake kwenye kikaratasi, kikaratasi kinaingia kwenye kisanduku. Halafu tunayapanga majina yafuate alfabeti, lakini kwa namna ambayo mashine ingefanya. Unafungua kisanduku cha kwanza na cha pili, basi. Kama yamekaa sawa, unayaacha. Kama hayakukaa sawa, unayabadilisha. Na hapo ndipo penye shughuli, maana kisanduku kimoja kinabeba karatasi moja tu. Ukitia ya pili, ya kwanza imepotea. Kwa hiyo mwalimu aliitoa moja akaitia kwanza kwenye mfuko wa shati lake, akahamisha ile nyingine, ndipo akarudi mfukoni. Kisha cha pili na cha tatu, cha tatu na cha nne, mpaka mwisho, na kurudi tena mwanzo, mpaka upite mstari mzima bila kuhamisha kitu.

Mtu mmoja alichoka akasema, "Mwalimu, hilo la saba si liende mwanzo tu? Tunaliona."

"Wewe unaliona," alisema. "Mashine haioni. Mashine inajua viwili ulivyoifungulia, na haidhani."

Mimi neno hilo lilinishika. Kitu kisichodhani! Pale kiwandani mtu alikaa ofisini akadhani nani abaki na nani aende, na hakuna aliyeweza kuniambia alidhani kwa kufuata nini. Huyu hapa alikuwa anaweza kuniambia kila hatua, na nikimuuliza mara nne ananijibu ya nne kwa upole uleule wa kwanza. Niliuangalia ule mkono wake ukienda mfukoni na kurudi, hausahau hata mara moja, nikasema moyoni, huyu mtu nitamfuata. Na sikuwa mtu wa kumfuata mtu.

Shida ni kwamba visanduku vilikuwa kumi. Ubao wake haukuruhusu zaidi. Kila zamu mmoja wetu alibaki na kikaratasi mkononi, na kwa kuwa niliingia mwisho, mara nyingi nilikuwa mimi. Mwalimu aliniomba radhi kila mara. Nikamwambia aache, nimezoea.

Baada ya miezi kadhaa kanisa likatuambia tuondoke mwisho wa mwezi, chumba kinatakiwa. Mwalimu akazunguka mjini mpaka akampata mnunuzi mmoja wa pamba, katika wale wapya walioruhusiwa kununua, ambaye ofisini kwake kulikuwa na kompyuta ya kuandikia barua. Tajiri yule alisema, njooni Jumamosi moja mnioneshe. Programu yenu ya kupanga majina ikienda, mtakuja kila Jumamosi. Isipokwenda, mashine yangu si ya kuchezea. Maana yake siku ile tulikuwa tunakwenda kutafuta darasa letu au kulizika.

Tulikwenda wote kumi na mmoja, tumeoga, tumevaa za kanisani. Nilisugua nywele kwa sabuni mara mbili. Mwalimu akaketi mbele ya mashine, akafungua kaunta buku lake, akaanza kuichapa programu. Kidole kimoja. Kikawa kinazunguka juu ya zile herufi kama kuku anayetafuta punje, anatafuta A, anatafuta N. Nikamtazama muuguzi, naye akanitazama. Mwalimu wetu hakuwa amewahi kuigusa kompyuta. Yote aliyotufundisha aliyatoa kwenye kitabu alichoazimwa na padri, akakinakili chote kwa mkono.

Programu ikaanza. Kila mtu alikuja akaandika jina lake mwenyewe. Wa kwanza, wa tano, wa kumi, mashine inapokea. Nikaja mimi. Nikaandika polepole, nikabonyeza, na mashine ikasimama. Ikatoa mstari mmoja wa Kiingereza, maana yake namba imetoka nje ya mpaka.

"Huyo wa mwisho kaua mashine," tajiri alisema, akacheka.

Tukarudia tangu mwanzo. Kumi wakaingia, nilipofika mimi ikasimama palepale. Uso ulinichemka. Nikasema, "Mwalimu, nitoe. Kwa watu kumi inakwenda, tumeiona kwenye ubao. Nitoe tupate chumba."

"Si amekubali mwenyewe?" tajiri alisema.

Mwalimu aliutazama ule mstari kwenye kioo muda mrefu. "Hapana," alisema. "Haikumkataa yeye, imeikataa kumi na moja. Kuna kitu sijaiambia."

Akarudi kwenye kaunta buku, akaanza ukurasa wa kwanza, anasoma kwa kidole. Tajiri akatazama saa, akasema ana lori la marobota linamsubiri, akatoka. Sisi tukabaki tumesimama. Nilitamani kumpokonya lile daftari. Mwishowe kidole kilisimama kwenye ukurasa mmoja uliochorwa mstari wa penseli pembeni, akautazama, akakigeuza kiti akatuelekea.

"Ukurasa huu niliunakili bila kuuelewa, nikauruka," alisema. "Kabla ya kuweka vitu, unatakiwa uiambie mashine vitakuwa vingapi. Usipoiambia, inakukatia kumi. Ubao wangu nao ulikuwa kumi, kwa hiyo sikujua nimekosea." Akaendelea, "Na jambo jingine. Mashine hii naigusa leo mara ya kwanza. Nilipaswa kuwaambia. Mnisamehe."

Mwalimu mzima, mwenye umri wa baba yangu mdogo, mbele ya watu waliomwamini. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimewahi kusikia wakubwa wengi wakikosea, lakini sikuwa nimewahi kumsikia hata mmoja akisema.

Akaongeza mstari mmoja juu kabisa: neno fupi la herufi tatu, jina la ule mstari wa visanduku, na namba kumi na moja. Tukaanza upya. Nikaandika jina langu, nikabonyeza huku nimefumba macho. Nilipofumbua, majina yalikuwa yanateremka kwenye kioo, yamepangwa, yote. Mimi nilikuwa wa nne. Niliyahesabu kwa kidole juu ya kile kioo mpaka muuguzi akaniondoa mkono.

Tajiri alirudi funguo mkononi. "Imeshindikana, siyo?"

"Imekwenda," mwalimu alisema.

"Mmenichukulia saa mbili, mwalimu. Mimi nilidhani wewe unaijua. Jumamosi nyingine msije." Akaizima mashine bila kusoma kioo, na majina yetu yakaenda nayo.

Mwalimu alimshukuru, akaifunika mashine kwa kitambaa chake cha vumbi, tukatoka. Barabarani nikamlipukia. Nikamwambia ungenitoa, ungenitoa tu, leo tungekuwa na chumba, sasa hatuna chochote, umeshinda nini?

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Ningekutoa," aliuliza, "Jumamosi ijayo ungekuja?"

Nisingekuja, na nilijua. Alisema tu kwamba yeye atakuwa nyumbani kwake, kwenye baraza, saa ileile, kwa atakayependa. Wenzangu waliitikia kwa vichwa, kila mtu akashika njia yake.

Jumamosi iliyofuata nilifunga jiko mapema. Nilimwona kutoka mbali kabla hajaniona: ameazima mabenchi mawili, ameyapanga, ubao uko juu ya stuli, na yeye amekaa peke yake katika shati lililonyooshwa, anatazama njia. Aliponitambua alisimama haraka mpaka stuli ikayumba. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akanionesha kwa mkono mahali pa kukaa.