Muuza Perege Aliyejua Nyota kwa Kikorea

Muuza perege wangu amefariki. Nilifika sokoni Majengo Jumatatu asubuhi na kikapu changu, nikakuta meza yake imefunikwa kanga na jirani yake ananitazama tu. “Mama, hatunaye,” akasema. Nilisimama pale njiani mpaka bajaji ikanipigia honi. Ninyi mnaonisoma mnajua sipambi maneno. Shule niliishia darasa la nne, na anayenichapia ni mjukuu wangu, mwenye akili kuliko ukoo mzima. Basi niseme wazi: marehemu hakuwa ndugu yangu. Alikuwa akiniuzia samaki wakavu wa Mtera, ananipunja kidogo, namtukana kidogo, tunacheka. Lakini tangu Jumatatu natembea kama mtu anayeota.

Binti yake alitangulia miaka michache iliyopita, akamwachia mtoto wa kike. Mtoto akaja kukaa naye mtaani Kikuyu, hapahapa mjini, akawa hasemi. Anaamkia, anaosha vyombo, kisha kimya. Kutwa ameshika simu ya mama yake, anasikiliza nyimbo za vijana wa Kikorea. Mjomba akaamua kuwa mtoto ana pepo, apelekwe shule ya bweni mbali huko. Bibi akaomba aachiwe mpaka mavuno. “Huyu akiondoka amenuna hivi, harudi kwangu tena,” aliniambia, huku akipanga samaki kama mtu anayepanga kuni za moto asioutaka. Nikamwambia amchape. Akanitazama kwa huruma.

Kwetu Ugogoni wimbo haufundishwi. Unasimama nyuma ya anayejua, unadaka mwisho wa mstari. Kesho unadaka katikati. Siku moja unajikuta unao wote. Na muuza perege wangu akafanya hivyohivyo. Jioni, jua likiwa limelegea na vumbi limetulia, alivuta kigoda nyuma ya mtoto, akawa anachambua majani ya mlenda na kudaka. Siku nyingi mtoto alijifanya hasikii. Halafu akageuka.

“Bibi, unafanya nini?”

“Nakuitikia. Mtu gani anaimba peke yake kama mchawi?”

Mtoto akacheka mpaka akaishika miguu ya bibi yake. Kuanzia hapo kila wimbo ulikuwa na maelezo, na maelezo ya wimbo yakawa maelezo ya shule, ya marafiki, mwishowe ya mama. Mavuno yalifika, mjomba akaja na begi, akarudi nalo tupu.

Sokoni naye akawa anatuletea mavuno yake, maneno ya Kikorea. “Shoga, wenzetu mvua wanaiita *bi*.”

“Bi tu?”

“Bi tu.”

“Ndiyo maana kwao inawahi. Sisi tunaiita mpaka koo linakauka.”

Upepo ni *baram*, ndoto ni *kum*, nyota ni *byol*. Nikiondoka bila kununua ananipigia kelele, “*Kajima!*” yaani usiende, na wauza karanga wote wanadakia. Siku moja nikamuuliza samaki je, wanaitwaje? “Sijui,” akasema. “Hawaimbi samaki.” Kisha akatazama juu ya mabati, upepo wetu mwekundu unampepea kanga, nikaona kabisa kwamba mwanamke huyu hayupo Majengo. Yuko mahali mvua inanyesha polepole juu ya taa za mji, na hajalowa.

Mtasema ni upuuzi wa watoto wa simu. Mimi nilizaliwa nyumba isiyokuwa na Kiswahili. Nilikipata kwenye nyimbo za shule, nikakileta nyumbani mdomoni kama pipi. Bibi yangu alicheka, akasema naongea kama ndege, na hakuniuliza hata neno moja. Alinipenda sana. Lakini niliyoyajua kwa Kiswahili hakuyajua, na aliondoka duniani ananijua nusu. Kiswahili kilikuwa Kikorea cha enzi zangu, jamani! Leo mji huu umejaa watu wa kila kabila, nasi tunawaambia watoto waache mambo ya kigeni.

Msibani tulikaa kwenye mikeka chini ya turubai. Mtoto alikaa karibu na mlango, macho makavu. Kina mama wakawa wananong’ona kwamba asipolia ataugua. Zikaimbwa nyimbo za kanisani, hakuitikia hata moja. Halafu, kwa sauti ndogo kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, akaanza wimbo wake. Mjomba akainuka. “Huu ni msiba au disko?”

“Kaa chini,” nikamwambia. “Anamuaga bibi yake. Wewe umemuaga kwa lipi?”

Akakaa. Sisi tuliokuwa nyuma yake hatukujua wimbo ule, lakini mwisho wa mstari ulikuwa *kajima*, unadakika. Akadaka mmoja, tukadaka wanne, ikawa turubai zima, wanawake wa Kigogo na wake wa maofisa, tunamwambia mtu aliyekwisha kuondoka kwamba asiende. Hapo mtoto akalia. Alilia kwa sauti, akiwa amelala kwenye mapaja yangu, mpaka kanga yangu ikalowa chapachapa.

Bibi wenzangu, wajukuu wetu watakuja kutulilia kwa lugha wanazozipenda wao, hatutachagua sisi. Mimi nataka siku hiyo wawe wananililia mimi waliyenijua, na mimi niwe nimewajua. Masikio yangu bado mazima. Nimeanza kudaka nyimbo za mjukuu wangu.